Nani Atamwangalia Bibi Zubeda Kichwani

Kila anayesikia habari ya chawa hujikuna. Hata mwenye upara hujikuna. Basi jikune kwanza, hakuna anayekuona, kisha weka mkono chini usikilize habari ya Bibi Zubeda wa Buyenzi.

Buyenzi yenyewe haina haja ya kuelezwa. Ni mtaa wa Bujumbura ambao mbuzi wake wanaelewa Kiswahili kuliko makarani wa mjini, ambao fundi wake hufungua injini ya lori asubuhi na jioni lori likaondoka likiimba, na ambao mtu akipiga chafya avenue ya nne anaitikiwa avenue ya saba. Katika mtaa wa namna hiyo, kukaa peke yako ni kazi ngumu. Bibi Zubeda aliiweza.

Nyumba yake ilikuwa hiyo hiyo avenue ya saba, imepakwa chokaa, na mbele yake kibaraza cha saruji kilichopasuka katikati. Ndani mlikuwa na vitanda viwili. Kimoja alikilalia yeye. Cha pili alikitandika upya kila asubuhi, akakung'uta shuka, akaupiga mto makofi mawili matatu, ingawa hakuna aliyekilalia tangu mwaka uliofuata ule wa uhuru na bendera mpya. Kilikuwa kitanda cha Zaina, mdogo wake. Waume zao wote wawili walikwisha tangulia mbele ya haki. Zubeda hakujaliwa mtoto, Zaina alijaliwa mmoja, na mtoto huyo alikuwa amepata kazi ya reli huko Kigoma. Akaja kumchukua mama yake kwa meli.

"Dada, nitarudi baada ya Idi," alisema Zaina pale bandarini.

Hakusema Idi ya mwaka gani.

Kabla ya meli ile, ndugu hao wawili walikuwa na desturi yao ya Ijumaa. Baada ya sala ya alasiri walitoka kibarazani, mmoja juu ya kigoda, mmoja chini kwenye mkeka, kisogo kwa mwenzake. Aliye juu alivua mtandio wake mweupe, akautandaza mabegani mwa aliye chini, ili chochote kitakachodondoka kionekane. Kisha akapaka mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa ndani ya kokwa za mchikichi, akachana kidogo kidogo kwa kitana cha pembe chenye meno yaliyosongamana. Akimaliza, anaukung'uta mtandio, anajifunga tena kichwani, halafu wanabadilishana: wa juu anashuka, wa chini anapanda. Na mdomo haukulala. Kuna maneno huwezi kumwambia mtu ukimtazama usoni. Unayasema ukiwa umempa kisogo, kichwa chako kiko mikononi mwake, macho yako yanaangalia kuku wa jirani.

Ijumaa ya kwanza baada ya Zaina kuondoka, Bibi Zubeda alitoa nje kigoda, mkeka na kitana, akakaa. Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Kisha akavirudisha ndani, na hakuvitoa tena kwa miaka.

Watu wa mtaani hawakuwa wabaya. Walimsalimia. "Bibi, umeamkaje?" "Salama, alhamdulillahi." Na salamu zikiisha, kila mmoja na njia yake. Siku nyingine jua lilichomoza likazama bila mtu kumgusa hata kwa bahati mbaya, hata kwa kumpa chenji dukani, maana muuza duka aliiweka juu ya meza.

Mpaka mwaka wa sabini, chawa walipomletea wageni.

Mwaka huo shule ya karibu ilipata mwalimu mpya, Madamu Scholastique, mwanamke wa Bukavu aliyevuka mpaka wakati wa vurugu za kule na akaja na mambo mawili: krismasi na penseli. Krismasi ilikuwa yake na kanisa lake. Penseli ilikuwa ya vichwa. Kila Jumatatu asubuhi aliwapanga watoto mstari mmoja, akainua nywele zao kwa ncha ya penseli, nyuma ya sikio, juu ya shingo. Akimwona mdudu anasema maneno yale yale: "Mi sitaki chawa mu klasi yangu. Nenda nyumbani, urudi umenyolewa."

Mvulana ukimnyoa anashukuru, anapata upepo. Lakini msichana wa Buyenzi, umnyoe kipara na Ramadhani inakaribia, na baada ya Ramadhani kuna Idi, na siku ya Idi kuna kanzu mpya na misuko mipya na kupita mitaani kuonwa? Heri umnyime chakula.

Wa kwanza kurudishwa alikuwa Adija, binti wa Huseni fundi magari, nyumba ya ubavuni. Alirudi analia mpaka kola imelowa. Huseni alikuwa mtu mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa wa dunia.

"Lete hapa kichwa," akasema akiuchomoa mkono ndani ya injini. "Nimupake petroli. Chawa zote zinakufa leo leo."

"Na mutoto je?" ikasikika sauti ya Bibi Zubeda kutoka kibarazani kwake.

"Mutoto atanuka kidogo tu, Bibi."

"Baba Adija, kichwa ya mutoto si kabureta. Atachubuka ngozi yote, na akipita karibu na jiko la imbabura iliyo na moto utamuzika. Adija, mjukuu wangu, kuja hapa."

Ndipo kitana cha pembe kilipotoka tena. Bibi Zubeda alikaa juu ya kigoda, Adija kwenye mkeka, na mikono ile ikakumbuka kazi yake bila kuulizwa. Akavua mtandio wake mweupe, akautandaza mabegani mwa mtoto. Mafuta. Kitana. Fungu moja la nywele, kisha jingine, kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani. Chawa wakadondoka juu ya kitambaa cheupe kama wezi waliomulikwa. Mayai yaliyong'ang'ania nywele aliyavuta kwa kucha, moja moja. Alipomaliza akamsuka misuko ya kubana, akaukung'uta mtandio, akajifunga.

Siku ya pili Adija akapita mbele ya penseli akiwa na nywele zake zote. Jumapili iliyofuata, alasiri, kibaraza cha Bibi Zubeda kilikuwa na wasichana kumi na ushee, wa kwenda chuo cha Kurani na wa kwenda kanisani pia, maana chawa hana dini. Alikuwemo Mawazo, binti wa Byamungu mshona viatu, Mkongomani, rafiki kipenzi wa Adija, mwenye mdomo kama cherehani.

"Bibi, ni kweli chawa anaruka?" aliuliza Mawazo.

"Nani amekudanganya? Kiroboto ndiye anaruka. Chawa hana mbawa, hana chochote. Anatembea kwa miguu kama masikini wote. Ukimujengea daraja anavuka, usipomujengea anabaki kwake."

"Daraja gani, Bibi?"

"Wewe na Adija munasoma kitabu kimoja, vichwa vimegusana kama mbuzi wawili. Hilo ndilo daraja. Kitabu kikae katikati, vichwa vikae pembeni."

Akaenda mbali zaidi. Aligundua kwamba chuoni wasichana walitundika mitandio yote kwenye msumari mmoja, na wakati wa kutoka kila mmoja alinyakua uliokuwa karibu. Akaichukua yote, akatia kila mmoja alama ya uzi kwenye pindo: wa Adija mwekundu, wa jirani yake kijani, wa yule wa kona manjano. "Asiyejua uzi wake," akatangaza, "asilete kichwa yake hapa." Wakacheka, lakini walishika.

Bibi Zubeda akawa mtu. Kuanzia Jumatatu alikuwa akiingoja Jumapili. Alikaanga karanga, akazificha mtungini ili zisimalizike kabla. Wasichana walimwegemea magotini, wakamsimulia nani kapigwa, nani kaanguka kisimani, Madamu amevaa viatu gani. Uzito wa kichwa cha mtoto juu ya paja, ule uzito wa papai lililoiva, aliubeba wiki nzima baada yao kuondoka. Na walipoondoka, kimya kilichorudi kilikuwa kikubwa kuliko kile cha zamani, kama maji ya ziwa Tanganyika yanavyorudi kujaa mvua zikizidi.

Ila chawa hawakuisha.

Ilikuwa ajabu. Jumapili kichwa kinakuwa safi, Jumatatu penseli haioni kitu, lakini kufika Ijumaa wasichana wanajikuna tena. Jumatatu moja penseli ikamkamata mmoja, iliyofuata ikakamata watatu. Ramadhani ikaingia. Madamu Scholastique akachoka, akatuma neno mtaani: akiona chawa tena baada ya Jumatatu mbili, wasichana wote wa klasi watanyolewa, mwenye chawa na asiye nao, na wembe atauleta mwenyewe.

Avenue ya saba ikawaka. Kila mama alijua chawa wanatoka wapi, na kila mama alijua hawatoki kwake. Huyu alisema ni wa Kongo. Yule akasema ni wale wa avenue ya tisa wasiofua. Wawili walisutana bombani mpaka ndoo zikajaa zikamwagika wasione.

Bibi Zubeda aliyasikia akayachukulia kama matusi yake mwenyewe. Chawa gani hao wanaodharau kitana cha pembe? Akaongeza siku: Jumapili na Jumatano. Akachana mpaka vidole vikafa ganzi. Na kadiri alivyochana ndivyo walivyozidi.

Hapa pana jambo ambalo hakumwambia mtu. Jumatano ile ya kwanza, alipoona wasichana wanakuja mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, moyo wake ulifurahi. Ulifurahi kweli kweli. Akajikemea, akasoma istighfari, lakini furaha ilikuwa imekwisha kaa kitako.

Katika siku hizo hizo mama yake Adija alijifungua. Adija, kama binti mkubwa, akabaki nyumbani kila akitoka shule: kuchota maji, kubeba mtoto, kufua nepi. Jumapili ikapita hajaja kibarazani, Jumatano ikapita, na Jumapili nyingine. Alipopata nafasi akaja mbio Jumatano, akajitupa kwenye mkeka.

"Bibi! Madamu amenisifu mbele ya wote. Amesema kichwa yangu ndiyo safi kupita zote mu klasi!"

Kitana kikasimama hewani.

"Nani alikuchana?"

"Hakuna, Bibi. Mama alitoa mbili tatu kwa vidole akinisuka, hazikurudi. Hata nafasi ya kujikuna sina."

Bibi Zubeda akamwinamia, akapekua fungu baada ya fungu. Safi. Hakuna hata yai. Akatazama wengine waliojipanga, wale waliokuja kila Jumapili na kila Jumatano bila kukosa. Mmoja anajikuna shingo. Mwingine anajikuna kwa kutumia ukuta.

Na yeye mwenyewe, mkono wake wa kushoto, ulikuwa wapi? Ulikuwa chini ya mtandio wake, nyuma ya sikio. Ukijikuna. Alipoushusha akajaribu kukumbuka ulianza lini kwenda huko, akakuta ni miezi. Alikuwa akijiambia ni joto. Ni damu ya uzee. Ni mawazo.

"Bibi, mbona umeacha kuchana?" akauliza Mawazo.

"Nimefunga," akasema Bibi Zubeda. "Nendeni, leo nimechoka."

Asubuhi yake, watoto walipokwenda shule, akafunga mlango. Akaivua shuka nyeupe ya kitanda cha Zaina, akaitandika sakafuni penye mwanga wa dirisha, akapiga magoti, akainamisha kichwa kilichojaa mvi akakichana kwa kitana cha pembe. Hakungoja sana. Akadondoka mmoja, mdogo kama punje ya ufuta, ila ufuta hauna miguu. Kisha wa pili. Akakaa anawatazama wakihangaika juu ya shuka ya mdogo wake.

Mwanamke huyu alitawadha mara tano kwa siku. Nguo zake zilifuliwa zikapigwa pasi. Angeulizwa, angeapa kwamba chawa ni wa watu wachafu. Lakini chawa haulizi umetawadha mara ngapi, anauliza damu iko wapi.

Akaelewa yote pale pale sakafuni. Desturi ile ya Ijumaa ilikuwa ya watu wawili. Mtandio uliotoka mabegani mwa Zaina ulirudi kichwani mwake, sawa, lakini kichwa hicho kilipita chini ya kitana kabla ya magharibi. Sasa mtandio ulitoka mabegani mwa wasichana wote, ukapanda juu ya kichwa ambacho hakuna aliyekiangalia, na Jumapili ukashuka tena mabegani mwao. Daraja alilowakataza watoto alikuwa amelijenga yeye, jeupe, la pamba, akalivaa.

Angefanya nini? Angeweza kunyamaza, akajitibu mwenyewe. Alijaribu siku hiyo na siku ya pili, kwa mafuta, kwa kitana, kwa kipande cha kioo. Utaona paji la uso, utaona masikio. Kisogo chako huwezi kukiona, na chawa wanapenda kisogo. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema wakamaliza. Alifikiri kwenda kwa Hamimu kinyozi anyolewe kipara, lakini mwanamke mzima kwenye kiti cha Hamimu, mbele ya wanaume wanaocheza karata? Habari ingefika Kigoma kabla ya meli.

Na kusema ukweli? Kusema ukweli ni kukifunga kibaraza. Nani atampeleka mwanawe kwa mgonjwa akaponywe ugonjwa huo huo? Zingerudi zile Jumapili za mlango uliorudishwa. Na asiposema, Jumatatu ya wembe inakuja, na hao hao wasichana watakaa kwenye benchi wakinyolewa kwa ajili yake, kabla ya Idi.

Jumapili wakaja. Wakaukuta mlango umefungwa.

"Hodi, Bibi!"

Wakagonga tena.

"Hodi, Bibi Zubeda!"

"Leo siko," ikajibu sauti ndani.

Wasichana wakatazamana. Mawazo ndiye aliyesema. "Bibi, kama hauko, nani anaongea?"

Wakaangua kicheko. Ndani, Bibi Zubeda naye midomo ilimcheza, na pengine ni kicheko hicho kilichomwinua. Akafungua. Alikuwa amejifunga mtandio mara mbili, umembana kama bandeji.

"Kaeni mbali," akasema. "Hapo hapo. Munisikilize. Chawa zinazowasumbua hazitoki Kongo wala avenue ya tisa. Zinatoka kwangu. Ziko humu." Akagonga kichwa chake kwa kidole. "Nilikuwa ninawatandikia mutandio yangu mabegani, halafu ninauvaa. Nendeni muwaambie mama zenu."

Mmoja akacheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Wakarudi nyuma taratibu, kama watu wanaomwacha mbwa asiyejulikana, na walipofika barabarani wakatoka mbio. Adija peke yake alisimama kidogo. Kisha mama yake akamwita.

Futari ya jioni hiyo ilifika kama siku zote, maana Buyenzi hawamnyimi mtu futari. Huwa mtoto anaingia nayo mpaka ndani, anaketi, anangoja sahani. Mara hii Bibi Zubeda alifungua akakuta sahani tatu kwenye kibaraza, zimefunikwa vizuri, na miguu ya watoto ikikimbia gizani. Alikula tende moja. Ndizi za nazi zilipoa.

Jumatatu ya wembe akaenda shuleni mapema, kabla ya kengele. Madamu Scholastique alikuwa akifungua madirisha.

"Madamu, usiwanyoe," akasema akiwa bado mlangoni. Akaeleza: mtandio, mabega, kichwa. Hakupunguza kitu.

Madamu alisikiliza. Alikuwa mtu mwema, mwenye adabu zake zote, na alipoelewa akarudi hatua moja nyuma. Hatua ndogo tu. Pengine yeye mwenyewe hakujua kama amerudi. Bibi Zubeda aliiona.

"Nikiwaacha na nywele, nani atawaangalia?" akauliza Madamu.

"Wenyewe. Wawili wawili. Huyu amuangalie yule, na siku hiyo hiyo yule amuangalie huyu, kabla jua halijazama. Kila mutu na kitambaa yake na kitana yake. Kitambaa kikitumika kichemshwe, kianikwe juani, ndiyo kivaliwe. Na wa nyumbani wote waangaliwe, hata nyanya, hata baba. Mimi niliangalia wote, nikasahau mumoja."

"Nitawapa mpaka Idi," akasema Madamu. Kisha akamtazama kwa huruma. "Na we, Mama? We nani atakuangalia?"

"Mi niko na watu," akasema Bibi Zubeda. Akaaga, akaenda zake akipitia njia ya nyuma.

Desturi ikashika kuliko yeye alivyotarajia. Jumapili ile, kutoka mlangoni kwake, aliona mbele ya kila nyumba wasichana wawili wawili, mmoja juu, mmoja chini, vitambaa vyao wenyewe mabegani, nyuzi zao nyekundu na kijani na manjano zikionekana hata kwa mbali. Na midomo yao haikulala. Masufuria ya maji yalichemka. Huseni mwenyewe, fundi mkubwa asiyeshindwa na lori, alikalishwa chini na mkewe akapekuliwa ndevu, akipiga kelele kwamba haki za wanaume zimekwisha nchini. Bibi Zubeda aliyatazama yote hayo, kazi yake, inakwenda bila yeye. Akaingia ndani akatandika kitanda cha Zaina, ingawa alikuwa amekwisha kitandika.

Idi ikafika. Penseli ilikuwa haijaona kitu. Wasichana walipita avenue ya saba na misuko yao imeng'ara kwa mafuta, wakasimama katikati ya barabara, wakapaza sauti: "Idi mubaraka, Bibi!" Naye akajibu kutoka kibarazani, akainua mkono. Karanga zilikuwa mtungini. Hakujua azipeleke vipi mpaka katikati ya barabara.

Ijumaa baada ya Idi, alasiri, alikuwa ameketi anachambua mchele, mtandio umembana kichwani. Kivuli kikaanguka kwenye ungo. Adija.

"Mawazo amehama," akasema mtoto bila salamu, na uso umevimba kwa kilio. "Baba yake amepeleka kazi ya viatu Kamenge. Wameenda wote. Sasa mimi sina mwenzangu."

"Pole, mjukuu wangu. Na mama yako?"

"Mama iko na mutoto muchanga, hana mikono. Wengine wote wako wawili wawili. Madamu amesema asiye na mwenzake atafute." Akajifuta pua. "Nimekuja kutafuta."

Bibi Zubeda akauweka ungo chini. "Mama yako anajua umekuja hapa?"

"Ndiye amenituma. Amesema kila mutu na kitambaa yake." Akachomoa mfukoni mtandio wenye uzi mwekundu, unanuka jua. "Na kitana nimekuja na yangu."

Mkeka ukatandikwa. Bibi Zubeda alimchana kwa kitana chake mtoto, kitambaa chake mtoto, na yeye mwenyewe akakaa wima, kichwa mbali. Hakuona kitu. Akamsuka. Akamgonga begani. "Haya, umekwisha. Nenda."

Adija hakwenda. Alisimama, akakishika kigoda. "Bibi, shuka."

"Nishuke wapi?"

"Chini. Ni zamu yako. Kabla jua halijazama."

"We mutoto, acha mchezo."

"Si mchezo. Ni wewe umesema. Madamu ameandika ubaoni."

Barabara ilikuwa imejaa watu wa Ijumaa. Bibi Zubeda aliwatazama, akatazama mlango wake, akatazama mkeka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitana cha pembe na shuka nyeupe ya Zaina, iliyochemshwa ikapigwa pasi. Akashuka mkekani, magoti yakilia kama bawaba. Miaka saba hakuwa amekaa chini hapo. Kibaraza kilikuwa na sura nyingine ukikiangalia kutoka chini. Akaufungua mtandio, na upepo wa ziwani ukampita kwenye mvi.

Vidole vya mtoto vikaingia. Vidogo, vigumu kwa kufua nepi, havina adabu hata kidogo. Vikakisukuma kichwa kushoto, vikakivuta kulia.

"Bibi! Huyu hapa! Mukubwa!" Adija akapiga ukelele ambao ulisikika mpaka avenue ya nne. "Na mwingine! Bibi, ziko nyingi!"

"Petroli iko!" akaitikia Huseni kutoka chini ya lori.

"Punguza sauti, we mutoto," akasema Bibi Zubeda. Lakini hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa kwa kuku wa jirani, na bila kupanga akaanza kusema, taratibu, habari za Zaina: jinsi alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyosema atarudi baada ya Idi. Adija aliitikia "mmh" akiwa amekaza meno, kazini.

Jua lilikuwa limefika juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa.

"Bibi, nimemaliza. Zimekwisha zote."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, Bibi. Hakuna kitu."

"Hapo nyuma ya sikio," akasema Bibi Zubeda, amefumba macho. "Angalia tena."